Diébédo Francis Kéré: kutoka useremala Berlin hadi tuzo ya Pritzker. Mnaomwita "mzee wa nyumba za tope" piteni hapa

Kenchi na Nondo (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna uzi wa ramani za nyumba humu ndani, mdau alibandika picha ya shule ya msingi ya Gando kule Burkina Faso, kazi ya msanifu majengo Kéré, akachekwa mpaka akaifuta. Mmoja aliandika kwamba kama udongo unaleta tuzo basi bibi yake wa Ikungi angekuwa na kabati zima la vikombe. Nami nilicheka. Ila nikaona wengi tunamjua huyu jamaa kwa mstari mmoja wa habari: Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, anajenga kwa udongo, kwisha.

Mimi ni msimamizi wa saiti, sio msanifu majengo. Nimefuatilia kazi zake kwa miaka kadhaa, na msimamo wangu ni huu: udongo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika kazi ya Kéré. Ugumu uko kwenye paa, na uko kwa watu waliolisimamisha. Naweka historia yake kwanza, halafu tubishane.

Alizaliwa 1965 Gando, kijiji kilicho kama km 200 kusini-mashariki ya Ouagadougou, enzi hizo nchi ikiitwa Volta ya Juu. Baba yake alikuwa chifu wa kijiji, yeye akiwa mtoto wa kiume wa kwanza. Gando haikuwa na shule, haikuwa na umeme, maji ya bomba hadithi. Mzee alitaka mtu wa kumsomea barua, kwa hiyo dogo akiwa na miaka 7 akapelekwa Tenkodogo kusoma. Ndiye mtoto wa kwanza kutoka kijijini kwao kukaa darasani. Darasa lenyewe lilikuwa boksi la zege, giza, joto, watoto zaidi ya mia wamebanana. Amesimulia mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoanza kuwaza kuwa siku moja atajenga darasa lililo bora kuliko lile.

Kuna jambo moja ameliongea hadharani ambalo kwangu linaeleza mengi. Kila alipomaliza likizo Gando, kabla hajaondoka alizunguka kuaga, na akina mama walikuwa wakifungua pindo za nguo na kumpa senti yao ya mwisho. Akamuuliza mama yake sababu. Akajibiwa kwamba wanamchangia asome ili akifanikiwa arudi kuwasaidia. Yaani alisomeshwa kwa mchango wa kijiji, na deni lake alilijua angali mdogo.

Mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya serikali ya Thomas Sankara kuipa nchi jina la Burkina Faso, akapata ufadhili kwenda Berlin. Kusomea nini? Useremala. Mchana anafundishwa kutengeneza mapaa na fanicha, usiku anasoma sekondari. Mwaka 1995 ndipo akapata ufadhili wa kuingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kusomea usanifu, akahitimu 2004 akiwa anakaribia miaka 40. Wale mnaolalamika humu kwamba umri umeenda, mjipime.

Inaendelea.

---

Mlalahoi wa Kigoma

Siti ya mbele kabisa. Mkuu shusha.

---

Saruji Nne

Mkuu mimi sibishani na tuzo, nabishana na udongo. Nimejenga tangu 1998. Nyumba ya udongo ikipigwa mvua za masika mbili inaanza kula chini, mchwa wanapanda, ukuta unavimba. Wazungu wanapenda kutuona tunaishi kwenye tope halafu wao wanalala kwenye zege. Wakitupa medali tunashangilia.

---

Kenchi na Nondo

Saruji Nne, hilo swali lako Kéré aliulizwa kijijini kwao, na kwa ukali kuliko wako.

Akiwa bado mwanafunzi, 1998, alianzisha na marafiki zake chama kule Ujerumani cha kuchangia matofali ya shule ya Gando. Zikapatikana kama dola 50,000. Akarudi kwao na michoro. Kijiji kizima kilitegemea mtoto wao wa Ulaya alete jengo la zege na vioo kama alivyoyaona huko. Anawaambia tutajenga kwa udongo. Watu wakanywea. Wanaona mvua inavyozifanya nyumba zao kila mwaka, sasa huyu tulimpeleka Ulaya akajifunze nini?

Hakubishana nao kwa maneno. Alitengeneza sampuli, akajenga tao la matofali ya udongo, watu wakapanda juu na kurukaruka. Lilipobaki limesimama, mjadala ukaisha na kazi ikaanza.

Sasa angalia jengo lenyewe, lililokamilika 2001. Nalieleza taratibu kwa sababu hapa ndipo wengi wanaruka.

Madarasa matatu kwenye mstari mmoja. Kati ya darasa na darasa kuna uwazi uliofunikwa na paa lilelile, watoto wanacheza au wanasomea hapo. Kuta ni matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa, na ndizo zinazobeba mzigo. Juu ya kuta zinapita boriti za zege kukata upana wa darasa. Juu ya boriti zimelazwa nondo, na juu ya nondo yamepangwa matofali yaleyale kuwa dari, na dari hiyo inapitisha hewa. Mpaka hapo bati bado halijafika.

Bati liko juu zaidi, halijaigusa dari. Limebebwa na kenchi zilizosukwa kwa nondo za kawaida tu za dukani, zikachomelewa palepale kijijini. Kwa nini nondo? Kwa sababu kule hakuna winchi, na lori la kubeba vyuma virefu ni gharama. Fimbo nyembamba watu wawili wanaibeba begani. Kilichohitajika ni kuwafundisha vijana msumeno wa mkono na mashine ndogo ya kuchomelea.

Jua likichoma bati, joto linaishia kwenye ule uwazi na upepo unapita unalichukua. Hewa ya moto ya darasani nayo inapanda, inatoka kwenye dari, hewa nyingine inaingia kwa madirisha ya luva. Hakuna feni, hakuna umeme. Na lile bati limetokeza nje mbali sana kuliko ukuta, kwa hiyo mvua haiugusi udongo. Umesema nyumba ya udongo inaliwa na mvua. Sawa kabisa. Jibu lake lilikuwa kuizuia mvua isifike ukutani, na hilo ni suala la paa.

Mwaka 2004, mwaka uleule aliohitimu chuo, shule hiyo ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Jengo la kwanza la maisha yake. Ofisi yake mwenyewe aliifungua Berlin mwaka uliofuata.

---

Mama Tofali

Mleta mada umeeleza vizuri, ila hapo kwenye "udongo ndiyo rahisi" naomba nikukatalie. Mimi nauza tofali za kufungamana (udongo na saruji kidogo) huku Dodoma, mashine ni zile za mkono. Udongo una masharti. Ukiwa na mfinyanzi mwingi tofali linapasuka likikauka, ukiwa mchanga mtupu halishiki. Mteja anakuja na udongo wa shimo la choo anataka tumtengenezee tofali za kupandisha ghorofa.

Jaribio la chupa kila mtu analiweza: weka udongo na maji kwenye chupa inayoonyesha ndani, funga, tikisa, acha utulie, utaona mchanga umekaa chini na mfinyanzi juu. Halafu kuchekecha. Halafu maji kiasi, sio uji. Likitoka kwenye mashine ulifunike na kulimwagilia wiki nzima na zaidi, usiliache juani eti likauke haraka. Kosa hilo ndilo linalofanya watu waseme tofali za udongo hazifai.

---

Kenchi na Nondo

Mama Tofali, napokea. Niseme basi udongo ni kazi inayofundishika ndani ya wiki chache kwa mtu ambaye hajui kusoma, na hiyo ndiyo maana yangu. Gando nzima ilijifunza. Wanaume walishindilia tofali, watoto walileta mawe ya msingi, wanawake walileta maji. Sakafu ya udongo ilipigwa na akina mama wamejipanga mstari, wanatwanga kwa mdundo mmoja saa nyingi, kisha wakaisugua kwa mawe mpaka ikateleza. Huko kwao sakafu zilipigwa hivyo tangu zamani, yeye aliirudisha kazini tu.

---

Saruji Nne

Haya, paa nimekuelewa. Lakini dola 50,000 zilitoka Ujerumani. Bila Mjerumani hakuna shule. Na huyo shujaa anakaa Berlin mpaka leo.

---

Binti Usanifu

Naomba niingie, mimi niko mwaka wa nne wa usanifu hapa Chuo Kikuu Ardhi.

Kaka Saruji Nne, fedha ni za wafadhili, kweli, na hata Kéré hafichi. Ila tazama kilichobaki. Shule ilianza na watoto 120 ikaja kufika 700. Ikaongezwa nyumba za walimu 2004, maana shule bila nyumba ya mwalimu mnajua inavyokuwa, likaongezwa jengo jingine 2008, ikaja maktaba na sekondari. Wale mafundi waliojifunzia kwenye darasa la kwanza ndio waliokwenda kujenga sehemu nyingine za nchi kwa mshahara. Tuambiane miradi mingapi ya wafadhili hapa kwetu iliacha fundi anayejua alichojenga.

Maktaba ya Gando naipenda kuliko hata ile shule. Walichukua vyungu vya kawaida vinavyofinyangwa na akina mama kijijini, wakavikata chini na mdomoni, wakavipanga kwenye dari kabla ya kumwaga zege. Zege lilipokauka, kila chungu kikawa tundu la mwanga na la kutolea hewa ya moto. Ukiwa ndani unaona miduara ya mwanga sakafuni ikisogea na jua.

Lakini mleta mada sikubaliani nawe kwamba habari yote ni paa. Ukisema hivyo unamfanya kuwa fundi mjanja tu. Kéré ana wazo moja analorudia kila mahali: mti. Kule Sahel, ukanda mkame wa kusini mwa Sahara, mti ndipo kijiji kinapokutania, wazee wanaamua mambo hapo, mfanyabiashara anauzia hapo. Banda alilolijenga London mwaka 2017, kwenye bustani za Kensington kwa ajili ya jumba la sanaa la Serpentine, lilikuwa mti. Paa duara, kuta za vipande vya mbao vya rangi ya bluu, katikati wazi, mvua ya London ikinyesha inateremka kama maporomoko pale kati halafu inakusanywa chini. Banda la Xylem kule Montana, Marekani, 2019, ni magogo yaliyofungwa pamoja yakaning'inizwa juu kuwa kivuli. Na Bunge la Benin analolijenga Porto-Novo limechorwa kama mti mkubwa wa baraza, ukumbi chini na ofisi juu kwenye matawi.

---

Kenchi na Nondo

Binti, mti unautumia kwa ajili ya nini kama sio paa? 😀 Umenisaidia hoja.

---

Binti Usanifu

Mti una paa ila hauna geti. Hiyo ndiyo tofauti. Kwenye kazi zake nyingi unaweza kukaa bila kuingia ndani. Angalia vibaraza vya nje pale Gando kati ya madarasa.

---

Babu wa Gerezani

Wanangu, mnaongelea mti na maji ya mvua ya London wakati mnao Kariakoo.

Soko Kuu la Kariakoo lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, miaka ya 1970. Lile paa lake la miavuli ya zege ni miti ile ile ambayo watu waliuzia chini yake. Na ile miavuli imechongwa kukusanya maji ya mvua, yanateremka kwenye nguzo kwenda kwenye matangi chini. Hatuna habari. Mpaka liliposhika moto Julai 2021 ndipo vijana wakauliza kumbe hili jengo lina mwenyewe.

Simnyang'anyi Kéré haki yake. Nasema tu kwamba tusipoandika habari za wasanifu wetu, mjukuu wangu atajua Gando na hatajua Amuli.

---

Kenchi na Nondo

Shikamoo Babu. Uzi wa Amuli uanzishe wewe, tutakuja wote. Na hata David Adjaye aliyechora makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi pale Washington alizaliwa Dar, wazazi wake Waghana. Nalo hatulisemi.

---

Ewoi wa Lodwar

Salamu kutoka Kenya. Mimi natoka Turkana na hii mada imenigusa kwa sababu jamaa amejenga huku kwetu. Ile kampasi ya Startup Lions kando ya Ziwa Turkana, ilimalizika 2021. Vijana wanasomea mambo ya kompyuta hapo ili wafanye kazi za mtandaoni bila kuhamia Nairobi.

Nimefika pale. Kitu cha kwanza unachoona ukitoka mbali ni ile minara mitatu mirefu, na Mturkana yeyote anaitambua mara moja: ni vichuguu. Huku kwetu vichuguu viko kila mahali, vimesimama vyembamba, virefu kuliko mtu. Ile minara inafanya kazi, si urembo. Hewa moto inapanda na kutokea juu, hewa nyingine inaingia kwa matundu ya chini. Kompyuta zinapumua na vumbi halijai ndani kama ungefungua madirisha makubwa. Mkikumbuka joto la huku mtaelewa.

Sasa neno langu kwa mwenye mada. Kuta za kampasi si udongo. Ni mawe ya huku huku, yakapigwa plasta. Kwa hiyo wanaosema Kéré ni udongo waje Turkana.

---

Kenchi na Nondo

Ewoi, umesema nilichokuwa nakitafuta kwa maneno mengi. Asante ndugu.

Tembeza macho kwenye kazi zake. Shule ya sekondari ya Lycée Schorge mjini Koudougou, Burkina Faso, 2016: kuta ni laterite, ule mwamba mwekundu unaokatwa ukiwa laini na kuwa mgumu ukipigwa na hewa. Nje yake kumezungushwa uzio wa fito za mikaratusi, unaleta kivuli na wanafunzi wanakaa kati ya fito na ukuta. Mikaratusi kule wanaichukia kama tunavyoichukia sisi kwa kunyonya maji, yeye akaipa kazi. Mabaki ya vyuma vya paa na mbao yakawa madawati. Chuo cha teknolojia hapohapo Koudougou, 2020: udongo, lakini haukufyatuliwa tofali, ulimwagwa kwenye fomu kama zege. Turkana mawe, London mbao, Montana magogo. Kinachobadilika ni ukuta. Kisichobadilika: kivuli kinatoka juu, na hewa ina njia ya kutokea.

Ndiyo maana nasikitika nikiona watu wanaiga ukuta. Kuna mradi niliuona huku bara, wenyewe walisema wamefuata mtindo wa Kéré. Tofali nzuri sana za kushindilia, halafu bati limepigiliwa palepale juu ya ukuta, halijatokeza hata futi moja, ndani wameweka singbodi. Saa saba mchana huwezi kukaa. Na mvua imeshaanza kula kona. Walipobana bajeti walikata paa kwa sababu ukuta ndio unaoonekana kwenye picha.

---

Saruji Nne

Hapo sasa umeongea lugha yangu. Nilikuwa nangoja mtu aseme gharama. Paa pacha ni vyuma, ni bati la ziada la kutokeza, ni dari nyingine chini yake. Mteja wa kawaida ukimwambia hivyo anakuuliza kama unajenga kanisa. Na bati likishatokeza hivyo upepo unaliinua. Usipofunga kenchi mpaka kwenye boriti ya zege, dhoruba moja tu unalikuta kwa jirani.

---

Kenchi na Nondo

Kweli tupu. Mapaa yake yamefungwa kwenye boriti za zege, hayakuegeshwa. Saruji ambayo wengine wanaimalizia kwenye ukuta yeye anaiweka sehemu chache inapohitajika: msingi, boriti, na kidogo ndani ya tofali. Kwa hiyo hata wanaosema anachukia zege wanamsingizia.

---

Mlalahoi wa Kigoma

Hiyo Pritzker yenyewe ni kitu gani na ina mpunga kiasi gani? Tujue kama tuache ubodaboda.

---

Binti Usanifu

Ni tuzo ya familia ya Pritzker ya Chicago, inatolewa tangu 1979, wasanifu wanaiona kama Nobel yao. Dola 100,000 na medali ya shaba. Kéré alitangazwa Machi 2022. Kwa zaidi ya miaka 40 haikuwahi kwenda kwa Mwafrika wala kwa mtu mweusi yeyote. Mwaka 2023 akapata na Praemium Imperiale, tuzo ya sanaa ya Japani. Kwa hiyo kaka usiache bodaboda bado, jamaa alianza kujenga shule miaka ishirini kabla.

Mimi nina neno gumu kidogo, mnivumilie. Kinachonisumbua ni jinsi dunia ilivyompokea. Magazeti ya nje yanampigia picha na watoto wa Gando, udongo, tabasamu. Ukiwaambia amejenga kliniki ya upasuaji Léo, Burkina Faso, au majengo ya hifadhi ya taifa ya Mali pale Bamako mwaka 2010, au amefundisha Harvard na Munich, wanarudi kwenye tope. Sisi tunaosoma usanifu Afrika tunaanza kuambiwa hata na walimu kwamba mchoro wetu "hauna Uafrika" kwa sababu hauna udongo. Yeye alitumia udongo kwa sababu Gando kulikuwa na udongo na hakukuwa na fedha. Nikijenga Ilala, ambapo kiwanja ni futi arobaini kwa sitini na majirani wako pande zote, lile paa la kutokeza litaishia kwenye sebule ya mtu.

---

Mama Tofali

Binti, nimecheka, ila ni kweli. Na hao majirani wakutake radhi.

---

Babu wa Gerezani

Huyu binti asome sana. Mjini Dar zamani kivuli kilikuwa cha barabarani, baraza mbele ya nyumba, watu wanapita wakiwa wamefunikwa. Sasa kila mtu na ukuta wake na mlinzi.

---

Saruji Nne

Nataka kujua habari ya siasa. Mtu akiwa maarufu hivi serikali zinamwita. Benin mmesema. Kwao je?

---

Kenchi na Nondo

Kwao ni habari ndefu, nafupisha.

Oktoba 2014 wananchi wa Burkina Faso waliandamana kumzuia Blaise Compaoré asibadili katiba ili aendelee kutawala. Bunge likachomwa moto, Compaoré akakimbia nchi. Kéré akachora Bunge jipya, michoro ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya usanifu ya Venice, Italia, 2016. Alilichora kama piramidi ya ngazi, mwananchi yeyote apande juu ya Bunge akae, hata akiwa hajaalikwa. Halikujengwa.

Kilichojengwa ni kaburi la Thomas Sankara, pale Conseil de l'Entente, Ouagadougou, mahali alipouawa pamoja na wenzake 12 tarehe 15 Oktoba 1987. Kéré ndiye aliyelichora, likazinduliwa Mei 2025. Fikirieni: kijana aliondoka nchini Sankara akiwa madarakani, akafanya useremala wa Kijerumani, akarudi miaka arobaini baadaye kumjengea kaburi. Wapo wanaosema anafanya kazi na watawala wa kijeshi. Mimi naona msanifu hawezi kusubiri serikali isiyo na doa, angekaa bila kazi. Ila najua wengine mtakataa.

---

Binti Usanifu

Nakataa. Bunge la kupandwa na wananchi limebaki karatasi, ukumbusho wa serikali umejengwa. Hilo linasema kitu kuhusu nani analipa, na msanifu hawezi kujitoa humo.

---

Saruji Nne

Wananchi wapande juu ya Bunge! Hapa kwetu ukisimama tu karibu na geti unaulizwa kitambulisho. 😂

---

Ewoi wa Lodwar

Huku kwetu Juni 2024 vijana waliingia Bunge bila ngazi za Kéré. Tuliache hilo.

Ninachoweza kuongeza kuhusu kampasi ya huku: usidhani kila mtu aliipenda tangu mwanzo. Wazee wengine waliuliza kwa nini mjengo wa pesa nyingi unafanana na nyumba ya mchwa. Sasa hivi ndiyo wageni wanapigia picha. Lakini vumbi na chumvi ya ziwa vinakula rangi na vyuma, na lazima kuwe na mtu wa kutunza. Jengo la kupitisha hewa bila umeme bado linahitaji ufagio na fundi.

---

Kenchi na Nondo

Point kubwa hiyo. Bati halidumu milele na kenchi za nondo zinapata kutu zisipopakwa rangi. Gando wana bahati kwamba waliolijenga wanaishi mita chache kutoka shuleni, bati likifunguka kuna mtu anajua liliwekwaje. Ukimleta mkandarasi wa mbali akajenga mtindo huohuo na kuondoka, hiyo faida umeipoteza.

---

Mwalimu wa Manyoni

Samahani wadau, nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi ni mwalimu wa msingi, Singida. Wazazi wamechangia, tuna msingi wa madarasa mawili na boma limefika kwenye linta, tofali za kuchoma. Bati mia moja na kitu tumeahidiwa. Mchana kwenye madarasa ya zamani watoto wanasinzia wote, na mimi nikiwemo. Hatuna hela ya kenchi za chuma wala dari ya matofali. Kuna kitu cha kuokoa hapo au ni mpaka uwe Kéré?

---

Kenchi na Nondo

Mwalimu, kipo, na kwa kuwa hamjapaua bado mmewahi.

Kwanza, msiishie linta mkaweka kenchi. Ongezeni kozi chache na muache matundu juu kabisa ya ukuta pande zote mbili ndefu, ya upande mmoja yatazamane na ya mwingine. Hata tofali zikipangwa kwa kuachana zinatosha. Nyavu muhimu, la sivyo mtafuga popo. Pili, bati litokeze, angalau upande unaopigwa na mvua na ule wa jua la jioni. Bati mkiwa nazo chache, bora mfupishe ukumbi wa ofisi kuliko kufupisha kibaraza. Tatu, msifunge dari ya singbodi bila kuacha njia ya hewa kati yake na bati, mtakuwa mmejenga tanuri la pili. Mkipata mikeka au matete ya kufunga chini ya kenchi, hewa ikipita juu yake, joto la bati halitawashukia moja kwa moja.

Hiyo haifiki Gando, ila watoto watasoma.

---

Saruji Nne

Na mfunge kenchi kwa nondo zilizozamishwa kwenye mkanda wa zege. Msifunge kwa waya wa kufungia tofali, nimeona shule zinapaa. Huko Manyoni upepo wa Agosti sio wa mchezo.

---

Mama Tofali

Mwalimu, mkifika kwenye yale matundu ya juu nitafute faragha. Nina mabaki ya tofali za kufungamana zilizotoka fupi, haziuziki, ila kwa matundu zinafaa. Mje na gari lenu. Na kabla fundi hajapandisha, simama pale kwenye boma saa nane mchana uone upepo unatokea upande gani, ndipo mchague ukuta wa matundu makubwa.

---

Mwalimu wa Manyoni

Shukrani mama. Gari la kijiji lipo, mafuta tutachanga. Kesho ni kikao cha kamati ya ujenzi, mwenyekiti anataka dari ya jipsamu kama ya ofisi ya kata. Nitawasomea posti ya fundi Kenchi yote.